Morani wa Kiti cha Mbele

Jamani, mkisikia watu wanasema nilimkimbia ndege huku suruali imejaa majani ya kuwasha, msibishe, ni kweli, na mwenyewe nakiri mapema ili tusipotezeane muda. Aibu ile niliipata mbele ya wakwe, mbele ya boma zima la Wamaasai na mbele ya mwewe mmoja ambaye naamini bado ananikumbuka. Shemeji yangu Lohay akishafika bia ya pili huwa anaomba watu wanyamaze aisimulie, na kila mwaka anaongeza chumvi (mwaka jana mwewe alikuwa amefikia ukubwa wa mbuni), kwa hiyo leo nawahi mimi.

Ilikuwa miaka ya mwishomwisho wa sabini, ile ya sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi pale Karatu, Mwiraqw wa Qurus, nywele afro ya kuchomeka kitana, suruali bugaluu inayofagia njia, na moyo wote ulikuwa umehamia Mbulumbulu kwa binti anaitwa Paulina. Paulina na kaka yake Lohay walilelewa na shangazi yao, Shangazi Agatha, mama mmoja mfupi, mlimaji wa ngano na maharage, aliyeongea kidogo na kutazama sana. Katika nyumba ile hakuna kilichotoka wala kuingia bila neno lake. Paulina alishaniambia waziwazi, "Mimi nimekubali, Ema. Lakini Shangazi bado, na akikataa yeye, mimi siwezi kumruka."

Basi Lohay alikuwa dereva wa Landrova kwenye shamba moja kubwa la ngano, na miaka ya nyuma alikuwa amewaendesha Wazungu huko milimani akawaona wanashuka kwenye gari zima, lisilo na ubovu wowote, wanaanza kupanda kwa miguu, tena kwa kulipia. Jambo lile lilimsumbua kama jiwe kwenye kiatu. "Lazima kuna kitu wanakiona kule," alikuwa akisema. Siku bosi wake alipomruhusu kuchukua gari Jumamosi (Jumapili ilikuwa haiwezekani, ikifika saa nane mchana magari ya binafsi yalikuwa marufuku barabarani), akapanga safari: tupande Ngorongoro, tupite Nainokanoka, twende mpaka Empakai, tushuke kwa miguu hadi ziwani, tupande tena, turudi nyumbani. Akamwalika Paulina, akanialika mimi, na Shangazi Agatha, ambaye hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko dari la mahindi, akasema na yeye anakuja. "Nataka kumwona Mwalimu akitembea," alisema. Nikajua hapo ndipo penyewe. Safari hii ndiyo mtihani, na msahihishaji amepanda gari.

Alfajiri walinikuta kituoni Karatu, nimepiga pasi mpaka soksi. Sasa sikilizeni, maana uharibifu wote ulianzia hapa. Mbele ya Landrova wanakaa watatu: Lohay kwenye usukani, Paulina katikati, na nafasi moja dirishani. Nafasi ile kwa heshima ilikuwa ya Shangazi, lakini Shangazi aliikataa, akasema hataki kuliona shimo la kreta kabla halijamwona yeye, atakaa nyuma na kikapu chake. Nyuma kulikuwa na benchi la chuma, tairi la spea, madumu ya petroli, na vumbi linaloingia kwa mlango wa nyuma bila hodi. Akagonga benchi kwa kiganja, akasema, "Mwalimu, njoo ukae hapa na mimi, tuongee."

Tuongee! Njia nzima! Nilimwangalia Paulina pale mbele, gauni la maua, bega lake tayari limesogea kuniachia nafasi, nikaangalia lile benchi na macho ya Shangazi, na mdomo wangu ukajibu kabla sijauruhusu.

"Shangazi, ningependa sana," nikasema, "ila nafikiri mimi nikae mbele, nimwelekeze Lohay na niongee na Wamaasai huko juu. Kimaasai nakijua. Nimekulia Nainokanoka."

Ukweli ni kwamba Nainokanoka nilikwenda likizo moja nikiwa darasa la tano, kwa mjomba aliyekuwa na kiduka, nikajifunza salamu na kuuza viberiti, nikarudi. Paulina alinigeukia taratibu, akaninyooshea jicho moja tu, halafu akatazama mbele. Shangazi akasema, "Kumbe." Basi. Nikapanda mbele.

Na safari ilikuwa tamu, nisiseme uongo mwingine. Tulivuka lango la hifadhi tukaingia msituni, barabara nyekundu imelowa, Lohay anazungusha usukani huku anapiga mluzi, ukungu umeshuka mpaka kwenye boneti, bega la Paulina linagonga langu kila kona (na kona za kule Mungu aliziweka kwa wingi). Tulipofika ukingoni ukungu ukafunguka kidogo tukaiona kreta yote chini, ziwa linang'aa, na nyuma tukasikia Shangazi anasema "Yesu na Maria" bila kufumbua macho. Nilikuwa na furaha ya mjinga, ile nzito, isiyo na wasiwasi.

Nainokanoka tukasimama kutafuta mtu wa kutusindikiza, maana kule Empakai msituni kuna nyati na hakuna anayeshuka bila mkuki. Akaja kijana mmoja wa umri wangu, mrefu, shuka jekundu, nywele ndefu zimesukwa na kupakwa udongo mwekundu, jina lake Lembris. Lohay akaniambia, "Haya, Mwalimu, kazi yako."

Nikashuka, nikasema "Sopa," akajibu "Ipa," na hapo hazina yangu ikawa imebaki viberiti. Lembris akamwaga Kimaasai kirefu chenye swali mwishoni. Nikamshika bega, nikamwambia, "Ndugu, tuongee Kiswahili, tusiwaache hawa wenzetu nje, si heshima." (Mpaka leo ninalionea fahari jibu lile, ni la mwisho la akili nililotoa siku hiyo.) Lembris akakubali.

"Sawa," akasema. "Umekulia hapa? Basi wewe rika gani?"

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na uso wa Shangazi ulikuwa umejaa dirishani. Mimi jina la rika nilikuwa nalijua moja tu, nililisikia dukani kwa mjomba, vijana walikuwa wakiliimba.

"Makaa," nikasema.

"Makaa!" Lembris akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hata mimi Makaa! Wewe morani mwenzangu, na umevaa suruali hii!" Akawaita kina mama waliokuwa wanapita na punda wa maji, akawaambia maneno, wakanitazama, wakacheka kwa furaha, wakaenda zao. "Nimewatuma bomani," akanieleza. "Jioni tukirudi, wenzetu watakungoja na maziwa."

Lohay akatoa kichwa nje. "Mwalimu, kwani wewe si Mwiraqw wa Qurus?"

"Mwiraqw ndiyo," nikasema, "lakini jando niliingilia kwao."

Ndugu zangu, jando langu lilikuwa zahanati, mama yangu ameshika mkono wangu, na nilipewa peremende kwa sababu nililia. Sijui kwa nini nilisema vile. Uongo ukishakaa kiti cha mbele unataka na usukani.

Kutoka hapo mpaka Empakai, ukipita Olmoti na lile bonde la Bulati lenye ng'ombe wengi kuliko majani, Lembris alikaa nyuma na Shangazi, lakini kichwa chake kilikuwa kwangu, kimepenya katikati ya viti, ananiuliza habari za wenzetu. Fulani unamkumbuka? Eee. Yule aliyepigwa na simba? Eee, pole yake. Paulina alikuwa ameuma kitambaa. Nilidhani ana mafua.

Tukafika. Jamani, Empakai! Unasimama ukingoni, chini kuna msitu umeshuka kama mtu kaumwaga, na chini kabisa ziwa, pembeni yake utepe wa pinki ambao ukiutazama vizuri ni ndege, heroe, maelfu kwa maelfu. Lohay alivua kofia, akasema, "Kumbe ndicho walichokuwa wanalipia." Tukashuka kwa miguu, Lembris mbele na mkuki, Shangazi nyuma yake ameshika fimbo na hatelezi hata kidogo, mimi nimebeba kikapu, bugaluu inakamata kila mwiba wa mkoa. Ziwani Shangazi akatandika khanga, akafunua kikapu.

Mbuzi. Alikuwa amemchinja beberu wake mwenyewe jana yake, akachoma mbavu, akazipaka limau na chumvi na pilipili kidogo. Harufu ile ilinifika magotini. Nilikuwa sijala tangu alfajiri, kwa wasiwasi, na sasa baada ya kushuka kule kote tumbo lilikuwa linasoma risala. Shangazi akachagua ubavu mrefu kuliko yote, akaunyoosha kwangu kwa mikono miwili. Mnaelewa maana yake. Chakula cha mkono wa mama mkwe, mara ya kwanza.

Nikanyoosha mkono, na Lembris akaushika mkono wangu hewani.

"Mama, utusamehe," alimwambia Shangazi, kwa adabu kabisa, huku amegeuza uso pembeni. "Sisi morani hatuli nyama mbele ya kina mama. Na nyama ambayo macho ya mama yameiona, hatuli tena. Mimi na huyu tutakula na wenzetu, jioni."

Shangazi alibaki ameushika ubavu. Akanitazama mimi, si Lembris. "Ni kweli, Mwalimu? Nyama yangu huli?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema tu, Shangazi, nimedanganya, nilitaka kiti. Lakini Paulina alikuwa ananitazama, na Lembris alikuwa bado ameshika mkono wangu kama ndugu, na mimi nikasema, kwa sauti ya mtu anayezama, "Ni kweli, Shangazi. Ni mila."

Aliurudisha ubavu kikapuni. Nilimwona akimeza mate, si ya njaa, ya uchungu. Mama ameamka usiku kwa ajili yangu. Halafu nikakaa na Lembris juu ya jiwe, tumewapa mgongo, tunasikiliza Lohay anavunja mifupa na kusifu, na Lembris akanipiga piga begani, "Njaa si kitu kwa Makaa."

Kupanda nisieleze sana. Yule kijana alipanda kama anakwenda dukani. Mimi nilipanda na kikapu, na ndani ya kikapu mbavu zilizobaki, na kila hatua kifuniko kinapumua usoni kwangu. Katikati ya msitu, wenzangu wametangulia kona moja, mkono wangu uliingia kikapuni, ukatoka, ukaingia ndani ya koti. Mimi nilikuwa natazama miti.

Tulipofika ukingoni kwenye gari nikatangaza naenda kuchimba dawa. Nikazunguka kichaka, mbali, nikachuchumaa kwenye majani marefu, nikautoa ubavu. Niliung'ata mara moja. Nakwambia nilifumba macho, na machozi yalinitoka, kwa utamu na kwa aibu pamoja, maana mama yule alikuwa anajua kupika na mimi nilikuwa nakula kama mwizi.

Kumbe macho ukiyafumba huoni juu. Kitu kilinipiga usoni kwa bawa, kucha zikanikwaruza mkono, nikasikia ubavu unaondoka, na mimi nikapiga ukelele ambao sikujua ninao, "Mama weee!", nikaanguka chali. Na nilipoangukia ni yale majani ya kuwasha, ya mlimani, yanayopenya nguo. Nikatoka pale mbio, najipiga mapaja, napiga kelele.

Wao walidhani nyati. Lembris alikuja anaruka vichaka, mkuki juu, yuko tayari kufa kwa ajili yangu, Lohay na spana, Shangazi na fimbo, Paulina analia jina langu. Na juu yetu mwewe anazunguka na ubavu, kunguru wawili wamemvamia wanataka wao, wanavutana, wanapiga kelele, na tukiwa wote tumeinua shingo ukawaponyoka, ukaanguka, pu, mbele ya Shangazi Agatha.

Aliuinua. Akaugeuza. Akauona ule mng'ato.

"Huu ubavu wangu," akasema.

Lembris alishusha mkuki polepole. Akaangalia mafuta kidevuni kwangu. "Umekula peke yako?" aliuliza. Hakukasirikia habari ya nyama kuonwa na mama, hapana, kilichomchoma ni kingine. "Mimi mwenzako nipo hapa na njaa, nakuvumilia, wewe umekula peke yako?"

Nikasema yote. Kiduka cha mjomba, viberiti, zahanati, hata peremende, sijui peremende niliitajia nini. Niliyasema huku najikuna. Lembris hakucheka, na hilo ndilo liliniuma kuliko majani. Alisema tu, "Na bomani wanakungoja." Shangazi akafungua mlango wa nyuma wa Landrova, akagonga benchi kwa kiganja.

"Mwalimu," akasema. "Nyuma."

Nikakaa na tairi la spea, najikuna, vumbi lote la Bulati likanishukia, na Shangazi mbele yangu hakusema hata neno moja mpaka Nainokanoka. Nilikuwa nimeshamwaga Paulina moyoni, namfikiria jinsi atakavyoolewa na mtu mwingine, mwenye akili.

Bomani vijana wa Makaa walikuwa wamejipanga kweli, wamejipamba. Lembris akashuka, akawaeleza kwa Kimaasai, nao wakanitazama mimi nikishuka kinyumenyume na suruali imejaa vumbi. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amejifunika blanketi akauliza kitu, na Lembris akanitafsiria, mdomo umeanza kumcheza.

"Mzee anasema, kama si Makaa na si rika lolote, basi kwetu wewe bado mtoto. Watoto wanasalimia pale."

Pale palikuwa na mstari wa watoto wanaoinamisha vichwa, wakubwa wanapita wanawagusa utosini. Mdogo alikuwa hajafika gotini kwangu. Nikaenda. Mwalimu mzima, mwenye fimbo na chaki, nikajipanga mwishoni, nikainamisha kichwa. Mzee akapita akanigusa, na mkono wake ukazama ndani ya afro mpaka kwenye kifundo, akautoa akautazama. Basi. Lembris alianza yeye, akacheka akakaa chini, boma zima wakaangua kicheko, akina mama, vijana, Lohay amelala kwenye boneti, na kila kijana wa umri wangu akapita akazamisha mkono, wengine wakarudia.

Mama mmoja akaleta kibuyu cha maziwa kwa watoto, akanipa na mimi. Lembris akafuta machozi, akaniambia, "Kunywa. Mtoto anakula mbele ya mama, hana mwiko."

Shangazi Agatha akasikia. Akaenda kwenye gari, akarudi na kikapu, akachagua ubavu, akaunyoosha kwangu kwa mikono miwili mbele ya wote. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikala nimesimama na watoto, nikamaliza, nikalamba mfupa. Alinitazama mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Paulina, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anataja bei ya maharage.

"Nilikuwa naogopa nisije nikakupa mwanaume anayejua kudanganya. Huyu hajui. Uongo wake haufiki hata jioni. Mchukue."

Nilirudi Karatu kwenye lile benchi la chuma, gizani, mwili unawasha, nimekaa na Shangazi, na tuliongea njia nzima. Alinieleza habari za marehemu kaka yake, baba wa Paulina, na mimi nikamweleza Qurus yote. Sijawahi kuwa na safari nzuri kama ile. Lembris alikuja harusini na kondoo, na nikamwinamishia kichwa mlangoni pa kanisa, padri anatazama.

Tangu siku ile gari la mtu sikai mbele. Nikikaribishwa nasema asante, nyuma panatosha, na nikiulizwa najua lugha gani nasema Kiswahili na Kiiraqw, tena hicho Kiiraqw kwa shida. Hata hivyo haijanisaidia nyumbani, maana mpaka leo, tumezeeka, kila nyama ikiiva Paulina ananiita kutoka jikoni kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Baba, njoo ule, kina mama tumegeukia ukutani."